Mapafu meupe, jibu hakuna: lini tuchukue kinyama?

Mimi ni mwanapatholojia, daktari anayesoma magonjwa kwa hadubini. Kinyama ni kipande kidogo cha nyama kinachokatwa mwilini mwa mgonjwa ili kipimwe. Vinyama vya matiti, tezi, kizazi na ini huletwa maabara kwetu kila siku, ndani ya vikopo vya formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Kinyama cha pafu huja kwa nadra, na cha mgonjwa aliyelazwa ICU, chumba cha mahututi, akipumua kwa mashine ni nadra zaidi. Kikija, simu huwa imetangulia, na anayepiga huwa ni mtu aliyekesha.

"Dokta, mgonjwa wangu ana siku nane kwenye mashine. Mapafu yote meupe. Antibayotiki tumebadilisha mara tatu, TB hatuioni, VVU hana, moyo uko sawa. Tukikuletea kinyama, kitatusaidia?"

Swali hilo nimeulizwa na madaktari wa ICU, na wa upasuaji, na hata na ndugu wa wagonjwa. Ninavyojibu leo ni hivi: kinyama kinaweza kusaidia sana, kwa wagonjwa wachache, ndani ya muda mfupi, na baada ya vipimo vyote vyepesi kufanywa kwanza. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni mgonjwa kukaa wiki tatu kwenye mashine huku faili lake limeandikwa "nimonia kali", na hakuna aliyeuliza ni nimonia ya nini.

Tuanze na huo weupe. Kwenye picha ya eksirei hewa huonekana nyeusi, ndiyo maana pafu zima huonekana jeusi. Vifuko vya hewa vikijaa kitu chochote, pale panakuwa peupe. Yaweza kuwa maji, usaha, damu, seli za saratani, au kovu linaloanza kuota. Picha haibagui. Daktari anaona weupe ule ule kwa magonjwa yenye tiba tofauti kabisa, mengine yenye tiba zinazogongana, kwamba dawa ya hili ndiyo itakayomwua mwenye lile.

Mwaka 1967, huko Denver, Marekani, David Ashbaugh na wenzake waliandika katika jarida la Lancet habari za wagonjwa 12 walioishiwa pumzi kwa ghafla. Baadhi walikuwa wameumia ajalini, wengine walikuwa na maambukizi. Chanzo kilitofautiana, lakini mapafu yao yalikuwa magumu na oksijeni haikuwatosha. Wagonjwa 7 walifariki, na mapafu yao yalipochunguzwa kwa hadubini, vifuko vya hewa vilikutwa vimepakwa utando. Hali hiyo ndiyo tunayoiita ARDS hadi leo. Vigezo vilivyotolewa Berlin mwaka 2012 vinataka iwe imeanza ndani ya wiki moja, iwe kwenye mapafu yote mawili, uwiano wa oksijeni ya kwenye damu na ile anayopewa mgonjwa usizidi 300, na isiwe inaelezeka kwa moyo kushindwa au maji kuzidi mwilini peke yake.

Hakuna hata kigezo kimoja hapo kinachotaja kilichojaa ndani ya vifuko. Wenzetu wa hospitali ya Getafe, Hispania, walilichunguza hilo kwa uvumilivu mkubwa. Walikusanya uchunguzi wa maiti wa miaka 20, kuanzia 1991 hadi 2010, wakachagua watu 356 waliotimiza vigezo vya ARDS walipokuwa hai. Waliokutwa na ule utando na uharibifu wa vifuko unaoendana nao walikuwa asilimia 45 tu. Wengi kati ya waliobaki walikuwa na nimonia, na wapo waliokuwa na mambo mengine kabisa. Kila ninapopigiwa simu nikaambiwa "huyu ni ARDS," hesabu hiyo hunijia.

Huku kwetu kuna tatizo linalotangulia hilo. Watafiti waliofanya kazi katika hospitali ya rufaa ya chuo kikuu mjini Kigali waliona kuwa vigezo vya Berlin vinahitaji mashine ya kupumulia na kipimo cha gesi za damu, vitu ambavyo mgonjwa wao wa kawaida hakuwa navyo. Wakavirekebisha: badala ya damu ya mshipani wakatumia kile kipimo cha kubana kidoleni, na badala ya eksirei pekee wakaruhusu utrasaundi ya mapafu. Matokeo yao yalitoka mwaka 2016. Kati ya watu wazima 1,046 waliolazwa, 42 walikuwa na ARDS kwa vigezo hivyo vipya. Nusu yao walifariki, na chini ya theluthi moja ndio waliofika ICU. Kwa vigezo vya Berlin asingehesabika hata mmoja. Marekebisho hayo ya Kigali yamekuja kuchangia mabadiliko ya vigezo vya dunia nzima, jambo ambalo kwangu ni fahari na nalisema kila ninapopata nafasi.

Kwa hiyo ninapozungumzia kinyama cha pafu, najua nazungumzia mgonjwa ambaye tayari amevuka vizingiti vingi. Amefika hospitali kubwa, amepata kitanda cha ICU, amepata mashine. Mtu aliyefika hapo halafu akafa kwa ugonjwa wenye dawa, kwa sababu tu hatukuutambua, ananiuma kuliko ninavyoweza kueleza.

Kabla ya kisu kuna mengi ya kumaliza, na mengi ni ya bei nafuu. La kwanza ni historia, ile inayochukuliwa kwa kukaa chini na ndugu, maana mgonjwa mwenyewe ana mpira kooni. Alikuwa anatumia dawa gani? Nitrofurantoini ya mkojo, methotreksati ya viungo, amiodaroni ya moyo, bleomisini ya saratani, zote zinaweza kuchoma mapafu. Kazi yake nini? Aliyechimba Mererani au Geita amevuta vumbi la mawe kwa miaka. Ameanza sigara karibuni? Anafuga ndege? Halafu moyo. Kwa wanawake vijana, hasa wajawazito, kijilango cha moyo kilichoharibika kwa homa ya baridi yabisi ya utotoni hujaza mapafu maji, na kwa haraka mtu atasema ni nimonia. Utrasaundi ya moyo inamaliza ubishi huo kitandani pale pale.

Halafu TB, ambayo kwetu haina ruhusa ya kusahauliwa. TB iliyosambaa kwa damu hutapakaza mapafuni nukta ndogo kama punje za mtama, na makohozi yanaweza kurudi safi mara zote. Kwa mwenye VVU kuna kipimo cha mkojo kinachoweza kutoa jibu ndani ya nusu saa, na ni huzuni kwamba mara nyingi hakiagizwi. Kwa huyo huyo lazima pia iulizwe nimonia ya Pneumocystis, ambayo tiba yake ni Septrin kwa dozi kubwa, dawa ya bei ndogo iliyoko kwenye kila duka la dawa.

Kinachofuata ni kuosha pafu. Bomba jembamba lenye kamera linapitishwa ndani ya mpira wa kooni, yanamwagwa maji ya chumvi kidogo kidogo, kisha yanafyonzwa na kuletwa maabara. Hapa ndipo ninapoanza kuwa na la kusema. Maji yakirudi mekundu, na kila yakifyonzwa tena yanazidi wekundu, mapafu yanavuja damu ndani kwa ndani. Yakirudi meupe mazito yenye mashapo, vifuko vimejaa mafuta na protini, na tiba yake ni kuoshwa pafu zima. Mengine hayaonekani kwa macho hadi yafike chini ya hadubini.

Kijana mmoja nitamtaja bila kumtambulisha. Alizidiwa ndani ya siku chache, homa juu, mapafu meupe, akawekwa kwenye mashine. Maji ya kuoshea yalipoletwa, fundi sanifu wetu aliyazungusha kwenye mashine, akapaka mashapo kwenye kioo, akatia rangi ya Giemsa. Nilipoinamia hadubini niliona chembe zenye punje nyekundu-machungwa, zimetapakaa uwanja mzima, kila nilikosogeza kioo. Hizo ni eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu. Katika maji ya pafu la mtu mzima mwenye afya zinakuwa asilimia moja au pungufu, na zikivuka asilimia 25 kwa mgonjwa wa namna hiyo tunasema nimonia ya eosinofili. Nilipiga simu ICU kabla sijaandika ripoti. Alipewa steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, jioni ile, na baada ya siku chache alikuwa anapumua mwenyewe. Dada yake alipoulizwa upya akasema kijana alikuwa ameanza sigara muda si mrefu. Ndicho walichokiona madaktari wa jeshi la Marekani huko Iraki na jirani zake kati ya Machi 2003 na Machi 2004: askari 18 walipata ugonjwa huo, wote wavutaji, zaidi ya robo tatu yao wakiwa wameanza karibuni. Wawili walifariki. Kwa ugonjwa kama huu kisu hakihitajiki, anatakiwa mtu wa kuyaangalia hayo maji.

Pale haya yote yanaporudi bila jibu, na mgonjwa anazidi kudidimia au amekwama mahali pamoja, ndipo kinyama kinapoingia. Kuna njia ya kuking'ofoa kwa koleo dogo kupitia lile bomba la kamera. Vipande vinavyotoka vina milimita mbili tatu, na kwa pafu ambalo ugonjwa umelipiga kwa mabaka, unaweza kung'ofoa pembeni ya ugonjwa. Mgonjwa akiwa kwenye mashine inayosukuma hewa kwa nguvu, tundu dogo linatosha kuvujisha hewa nje ya pafu, pafu likasinyaa. Siku hizi ipo pia njia ya kugandisha kwa baridi kali, inayotoa vipande vikubwa zaidi, ila damu nayo hutoka zaidi.

Njia ya pili ni upasuaji, kufungua kati ya mbavu na kukata pembe ya pafu. Marseille, Ufaransa, timu ya Laurent Papazian imeifanya kazi hii kwa miaka mingi. Mwaka 2007 walichapisha habari za wagonjwa 100 wa ARDS waliofanyiwa hivyo, na kwa 78 kati yao kinyama kilitoa jibu lililosaidia matibabu. Miaka mitatu kabla, kundi la Boston lilikuwa limechapisha wagonjwa 57 waliodhaniwa kuwa na ARDS. Asilimia 60 walikutwa na kitu kingine tofauti na ule uharibifu wa vifuko. Madhara makubwa ya upasuaji yalikuwa asilimia 7, na hakuna kifo kilichohesabiwa kuwa kimesababishwa nao. Takwimu hizi lazima zisomwe kwa uangalifu. Wagonjwa hao walichaguliwa, na waliowakata ni watu wenye mazoea, katika hospitali ambazo mpira wa kifuani ukivuja usiku yupo wa kuushughulikia. Mgonjwa ambaye damu yake haigandi, au ambaye mashine imeshafika mwisho wa nguvu zake, mimi mwenyewe nitasema asiguswe.

Kinyama kikifika mezani kwangu, naanza kwa kukitazama ndani ya kopo. Pafu zima lenye hewa huelea. La mgonjwa wa ICU mara nyingi huzama hadi chini. Nalijaza formalini taratibu kwa sindano nyembamba ili vifuko vifunguke, la sivyo nitakuja kusoma nyama iliyojikunja. Usiku linapita kwenye mashine, linakunywa spiriti, kisha nta ya moto. Asubuhi fundi analikata vipande vya unene wa maikromita nne hivi, anaviweka vielee juu ya maji ya uvuguvugu, anavinasa kwa kioo. Rangi ya kawaida inaonyesha umbo. Rangi ya Ziehl-Neelsen inawasaka bakteria wa TB. Rangi ya fedha inatoa fangasi na Pneumocystis kwa weusi. Rangi ya chuma inaonyesha kama damu ilishawahi kumwagika huko nyuma.

Kwa wiki ya kwanza ya ARDS halisi nitaona utando wa waridi umelala kwenye kuta za vifuko. Wiki ya pili seli za kutengeneza kovu zinaanza kuingia. Ikipita ya tatu, kovu limeshika. Ndiyo maana nasema muda ni mfupi: ukiniletea kinyama siku ya ishirini na tano, huenda nikakusomea kovu tu, na kilicholianzisha kimeshafutika. Nikiona badala yake vijiti vya nyuzi laini vimeziba ndani ya vifuko, bila utando, hiyo ni nimonia ya kujipanga, na mara nyingi huitikia steroidi vizuri. Nikiona seli kubwa zenye kiini kilichovimba na duara jeupe kukizunguka, ni kirusi cha CMV, na steroidi peke yake itamzamisha.

Sitaki msomaji adhani kinyama huja na habari njema. Mama mmoja mwenye duka la vitenge alikaa ICU akitibiwa nimonia isiyosikia dawa. Kinyama chake kilionyesha saratani ya mapafu ya aina inayotandaa kwenye kuta za vifuko na kuvijaza ute, ambayo kwenye picha hufanana na nimonia kabisa. Daktari wake aliniomba nipande juu tuongee na familia pamoja, nami nikaona ni haki.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyekuwa msemaji. "Shikamoo, kaka," nikamwambia. Akaitikia kwa adabu, kisha akaniuliza bila kupandisha sauti: "Daktari, dada yangu amekatwa, ana mpira ubavuni, leo mnasema dawa hakuna. Sasa mlimkatia nini?"

Nilimweleza nilichokiona, kwa maneno ya kawaida, nikamchorea kwenye karatasi. Nilimwambia kwamba dawa za fangasi walizokuwa wakinunua nje kila siku hazikuwa zikimtibu chochote, na kwamba zinaweza kusimamishwa leo. Alinyamaza, akamgeukia mdogo wake. Hapo ndipo nilipojua walikuwa wameshatafuta mnunuzi wa kiwanja. Watoto wa yule mama waliitwa kutoka Mwanza, wakafika akiwa bado yupo. Familia na madaktari wakakubaliana nini kiendelee na nini kisiendelee. Nasimamia hilo hadi leo: kile kinyama kilikuwa na faida, ingawa hakikumponya, na swali la yule kaka lilikuwa swali sahihi ambalo kila mmoja wetu anapaswa kuwa na jibu lake kabla ya kuomba sahihi kwenye fomu ya ridhaa.

Wapo wanaosema, si tuwape tu wote steroidi? Hoja ina uzito. Mwaka 2020 utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Dawa rahisi, iliyopo kila mahali. Lakini hao walikuwa na ugonjwa mmoja unaojulikana. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2006 ulionyesha kwamba kwa ARDS, kuanza steroidi baada ya siku 14 kuliongeza vifo. Na huku kwetu kuna TB iliyojificha, kuna fangasi, kuna minyoo ya Strongyloides ambayo steroidi huifungulia mlango ikasambaa mwili mzima. Anayeitoa kwa kubahatisha awe amewatafuta hao kwanza, na kwa minyoo, kama kupima hakuwezekani, basi mgonjwa apewe ivermektini.

Na kama amefariki kabla hatujajua? Hapa najua nagusa pagumu. Familia nyingi zinataka kuzika mapema, kwa dini na kwa mila, na uchunguzi wa maiti wa kupasua unakataliwa kwa sababu ninazoziheshimu. Lakini uchunguzi wa maiti uliofanyika Lusaka na kuchapishwa mwaka 2015, kwa watu wazima 125 waliofia wodini, ulikuta asilimia 62 walikuwa na TB, na robo ya hao haikuwahi kugunduliwa walipokuwa hai. Hao waliacha watu nyumbani waliokuwa wakipumua hewa moja nao. Siku hizi inawezekana kuchukua vinyama kwa sindano bila kupasua mwili, na huko Kisumu na Siaya, mtandao wa CHAMPS, unaotafuta vyanzo vya vifo vya watoto, umekuwa ukifanya hivyo kwa watoto waliofariki, kwa ridhaa ya wazazi, na wazazi wanarudishiwa majibu. Ningependa kuona hospitali zetu kubwa zinawapa familia za wagonjwa wa ICU nafasi hiyo, na zinaajiri watu wa kuvisoma vinyama hivyo, maana wanapatholojia ni wachache mno na kinyama kisichosomwa kwa wakati ni jeraha la bure.

Kwa wenzangu wa ICU nina maombi. Nipigieni siku ya tano ya kutokuelewa, msingoje ya kumi na tano. Kabla hamjakitumbukiza kinyama kwenye formalini, kateni kipande mkiweke kwenye chupa safi yenye maji ya chumvi, kiende kuoteshwa TB, fangasi na bakteria, kwa sababu formalini ikishagusa hakuna kitakachoota. Na kwenye fomu msiniandikie "kushindwa kupumua" peke yake. Niandikieni alikuwa anafanya kazi gani, anatumia dawa zipi, steroidi ameanza lini, na namba ya simu itakayopokelewa usiku.